Kaskazi, kusi na karafuu jamvini

Anayetaka kuijua hali ya hewa ya Unguja na Pemba aanze na upepo, kipimajoto baadaye. Joto lenyewe halina mabadiliko makubwa: mchana wa Februari ni nyuzi 32 au 33, mchana wa Julai ni 28 hivi, na usiku wa kipupwe hushuka mpaka karibu 22, ndipo watu wanapotafuta shuka la pili. Kinachofanya hivyo ni bahari. Maji hupata moto polepole na kupoa polepole, basi kisiwa nacho hufuata mwendo huo.

Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi mapema Machi, ukitokea kaskazini mashariki. Ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Ghuba, nayo yakingoja kusi, upepo wa kutoka kusini, yarudi kwao. Kusi huanza Aprili na hukaza Juni na Julai. Bahari ya upande wa mashariki huchafuka hata wenye ngalawa wakazivuta pwani. Kati ya pepo hizo mbili kuna tanga mbili, wakati wa maleleji, upepo haujui uelekee wapi. Hapo ndipo mvua hupata nafasi: masika katikati ya Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba.

Mvua hainyeshi sawa kila mahali. Pemba hupata zaidi kuliko Unguja, na magharibi ya Unguja zaidi kuliko mashariki. Ukitoka mjini kwenda Makunduchi, kusini mashariki ya Unguja, udongo mzito unakwisha, unaingia kwenye uwanda wa mawe ambako maji ya mvua huzama mara moja. Ndiyo maana mikarafuu haikupandwa huko.

Vimbunga ni nadra, kwa kuwa visiwa viko nyuzi 5 hadi 6 tu kusini mwa ikweta. Nadra, lakini si kwamba haviji: tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo kisiwa cha karafuu.

Nako Pemba ndiko vuli inakoumiza, kwa sababu hukuta karafuu ziko uwanjani. Karafuu huchumwa kichwa kikiwa kimeanza kuwa chekundu lakini hakijachanua. Kikishachanua thamani imepungua. Makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, huchambuliwa siku ileile. Usiziache mbichi kwenye gunia usiku kucha, maana zitapata moto zenyewe, zitavunda, na zikikauka zitakuwa nyeupe nyeupe na nyepesi. Zitandaze juu ya jamvi au mkeka, tabaka jembamba, usianike kwenye udongo mtupu wala lami, kwani mchanga na harufu hazitoki tena. Zigeuze mara kadhaa kwa siku ili upande wa chini usibaki na maji.

Jua likiwa zuri, siku 3 hadi 5 zinatosha, na kilo 3 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Tazama mawingu mchana. Yakianza kujikusanya upande upepo unakotoka, kunja jamvi kabla ya tone la kwanza, usisubiri manyunyu. Karafuu iliyokaribia kukauka ikirowa ndiyo inayoharibika upesi kuliko mbichi. Jioni zikusanye, zifunike au ziingize ndani hata kama mbingu ni safi, kwa sababu umande wa alfajiri unatosha kurudisha unyevu uliotolewa na jua la saa nzima.

Zikishakuwa na rangi ya kahawia iliyokolea, chukua moja, ikunje kwa vidole. Ikivunjika kwa mlio, tia guniani. Ikipinda, irudi juani kesho.