Taa Sita Juu ya Leicester

Usiku mmoja wa Julai 2009, mimi na mke wangu tulikuwa tukianua nguo nyuma ya nyumba yetu mjini Leicester, maana mvua ilikuwa inanukia na shuka moja lilishachomoka kibanio, likawa linapepea kuelekea uani kwa jirani. Ndipo tukaona taa sita za rangi ya chungwa zikipita juu ya mapaa bila mlio wowote, zikifuatana polepole, kisha zikazimika moja baada ya nyingine.

“Baba Salma,” mke wangu alisema, “hizo si ndege.”

Jumatatu nilipiga simu Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ambayo enzi hizo ilikuwa na namba maalumu ya kupokelea taarifa za vitu visivyotambulika angani. Mashine ya kurekodi ikaitika, nami nikaeleza yote kwa utaratibu. Barua ya majibu ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye adabu: Wizara huchunguza taarifa hizi ili kujua tu kama anga ya nchi imeingiliwa na adui au chombo kisicho na ruhusa, na pasipokuwa na dalili hiyo haijaribu kubaini kilichoonekana kilikuwa kitu gani.

“Kwa hiyo wamesema ni nini?” mke wangu aliuliza.

“Hawakusema.”

Tarehe 1 Desemba mwaka huohuo huduma hiyo ilifungwa. Taarifa zilikuwa zimepita 600 kwa mwaka mmoja, na Wizara ilieleza kwamba kwa zaidi ya miaka 50 hakuna hata moja iliyofichua tishio kwa nchi.

Majalada ya Wizara kuhusu taarifa hizo yalipofunguliwa kwa umma, niliyasoma usiku baada ya usiku. Humo nilikuta waraka wa Januari 1981 wa Luteni Kanali Charles Halt, naibu kamanda wa kambi ya Wamarekani huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kuhusu taa zilizoonwa na askari katika msitu wa Rendlesham. Hata kwa shahidi wa cheo hicho, maofisa waliulizia kama rada zilinasa chochote, na zilipokuwa hazikunasa, hawakuona sababu ya kuendelea. Kwangu mimi huo si uzembe. Jeshi lilikuwa likijibu swali lake, ila swali hilo halikuwa letu.

Kilichonigusa zaidi ni fomu yao ya maswali: saa ngapi, kwa muda gani, ulikuwa umesimama wapi, kilikuwa kimo gani kutoka upeo wa macho, kilielekea wapi, hali ya hewa ilikuwaje. Niliichapa, tukatoka nayo uani tukasimama palepale penye kamba ya nguo, nami nikawa nasoma swali moja moja huku mke wangu akijibu. Tuliandika dakika nne, juu kidogo ya dohani la jirani, kuelekea mashariki. Nilipofika kwenye hali ya hewa alinyamaza, akaitazama kamba.

“Lile shuka,” alisema, “lilikuwa linapepea upande uleule zilikokwenda taa.”

Katika nafasi ya jibu nikaandika: upepo, kutoka magharibi.