Tairi Si Jeusi

Lori langu la GMC CCKW, modeli ya plastiki ya skeli 1/35 (dogo mara 35 kuliko lori lenyewe), limekaa mezani miezi miwili. Bodi ilishakauka kijani chake cha jeshi la Marekani zamani. Kilichonikwamisha ni matairi: mawili mbele, manane nyuma, na moja la akiba.

Mara ya kwanza nilifungua kichupa cha nyeusi tupu nikapaka yote kwa jioni moja. Aibu! Yaling'aa kama viatu vya mtoto anayeanza darasa la kwanza, na kashata (vile vinundu vya tairi vinavyokanyaga barabara) nilizozikwangua kwa subira zote zikapotea gizani. Weusi wa mpira unatokana na masizi ya kaboni yanayochanganywa kiwandani, lakini jua na hewa huufubaza, halafu vumbi linamalizia.

Basi nikaenda kukaa kwenye benchi la mjomba, fundi pancha, nikawa napiga picha matairi ya Fuso. "Mwanangu, tairi kipara unazipiga picha za nini?" Nikamwambia nasoma rangi. Akacheka, akaendelea na tyubu yake.

Nilichokiona pale: ubavu ni kijivu chenye ukahawia wa mbali. Panapokanyaga lami pamesuguliwa, kwa hiyo weusi wake umeiva zaidi. Vumbi limejificha kwenye mifereji ya kashata na pale mpira unapokutana na rimu.

Nyumbani nikaanza upya na rangi ya modeli ya Tamiya, XF-85, nyeusi ya mpira, tairi zima. Ubavuni nikaiongezea XF-57, kahawia hafifu yenye unjano, kidogo kidogo mpaka ikafifia. Vumbi ni chaki laini niliyoisaga, nikaikoroga na maji, nikaiachia itiririke mifereji yote. Ilipokauka nikafuta juu ya kashata kwa pamba yenye unyevu. Hapo tu ndipo tairi lilipozaliwa. (Kama matairi yako ni ya vainili, plastiki laini kama mpira, usiyapake enameli, rangi ya mafuta; yangu ya zamani yananata hadi leo.)

Nikaharibu tena: vumbi nililoliweka lilikuwa jekundu, la Dodoma kabisa! Lori hili ni la Red Ball Express, msafara uliobeba mizigo ya jeshi nchini Ufaransa kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, madereva wake wengi Wamarekani weusi. Nikaosha, nikarudia kwa rangi ya majivu yenye unjano.

Malori yale yalizidishiwa mzigo, yakatembea usiku na mchana, na makopo ya chakula yaliyotupwa barabarani yakachana matairi. Kwa hiyo nimekata kashata mbili tatu kwa wembe, na chini ya kila tairi nimepitisha msasa kidogo, likalie ardhi kama lililobeba kitu.

Jana nimempelekea mjomba alione. Amelizungusha, akalishusha usawa wa macho.

"Hili la nyuma kulia," akasema, "lina upepo mdogo."

Ni kweli. Pale msasa ulinizidi.