Mkono wa kushoto ndio uliokuwa unaninyonyoa

Mkono wa kulia ukishika kalamu nyekundu, wa kushoto unabaki hauna kazi. Huo ndio ulionimalizia nywele za utosini. Nafundisha hisabati sekondari hapa Moshi, na kuna wanafunzi waliokuwa wakirudishiwa madaftari yenye vinywele vyangu katikati ya kurasa.

Sikuwa nawashwa wala siumwi kichwa. Vidole vinapapasa mpaka vipate unywele mmoja mgumu kuliko wenzake, navuta, napata nafuu kama ya kutoa mwiba, halafu vinatafuta mwingine. Mara nyingi sikujua ninachofanya mpaka nione meza imechafuka. Nyakati nyingine nilijua kabisa, na bado niliendelea. Watu wakisema "si uache tu", huwa nacheka.

Kwa wengi tabia hii huanza kati ya miaka 10 na 13. Kwangu ilijificha kwa sababu shuleni tulikuwa tunanyolewa, wavulana kwa wasichana. Kichwani hakukuwa na cha kushika, basi nikahamia kwenye nyusi na kope. Mama aliona nyusi zimepungua akadhani ni minyoo, nikanyweshwa dawa. Nilipomaliza kidato cha nne nikaachia nywele zikue, mkono ukapanda kichwani.

Tiba nilizopewa mtaani unazijua: mafuta ya nazi, maji ya kitunguu, mshubiri. Duka moja la dawa liliniuzia dawa ya fangasi. Shangazi yangu alisema nimerogwa na mke mwenza, wakati huo sina hata mume.

Aliyegundua ni msusi wangu wa Majengo. Aliinama akaniambia polepole, wateja wengine wasisikie: "Mwalimu, hizi hazijadondoka zenyewe. Nyingine fupi, nyingine ndefu, zimekatwakatwa. Na mtu aliyebanwa na misuko anaisha hapa mbele, kwenye paji, siyo utosini." Akanishauri niende KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi, kile kilichoanza mwaka 1992 na kinachosomesha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Daktari aliangalia kwa kilenzi chenye taa akasema karibu yale yale ya msusi. Mapunye huwa na magamba. Ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia nywele huacha duara laini kabisa, kama hapajawahi kuota kitu. Kwangu kulikuwa na vishina vilivyokatika kwa urefu tofauti. Akaniuliza bila kunihukumu: "Unazivuta mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Kisha akauliza kama ninazimeza, maana nywele hazisagiki tumboni, hujikusanya zikawa bonge ambalo wakati mwingine hutolewa kwa upasuaji. Sizimezi. Ila nilikuwa nazipitisha mdomoni, na hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Ugonjwa unaitwa trikotilomania. Jina hilo lilitolewa mwaka 1889 na daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau. Siku hizi unawekwa kwenye kundi moja na magonjwa ya akili ya kushurutika kurudia jambo, na inakadiriwa kwamba katika kila watu 100, mmoja au wawili wanao. Nilipumua. Nilikuwa nimejiona peke yangu dunia nzima.

Nikapelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia. Sikupewa kidonge. Alinifundisha mbinu ya Wamarekani wawili, Azrin na Nunn, waliyoitangaza mwaka 1973. Kwanza niliandika kwenye kidaftari kila mara mkono unapopanda: niko wapi, nafanya nini, najisikiaje. Nilitegemea kukuta huzuni. Nilikuta kusahihisha, televisheni, na kiti chenye mahali pa kuegemeza kiwiko. Uchovu na kuboreka, basi. Kisha nikazoea kwamba mkono ukianza tu safari, naukunja ngumi, nabana kiwiko ubavuni, nakaa hivyo kama dakika moja mpaka hamu ipite. Inapita kweli, ingawa mwanzoni huamini. Kiti nikakibadilisha. Wakati wa kusahihisha navaa kilemba na kufunga plasta kwenye kidole gumba na cha shahada. Vidole visipohisi unywele vizuri, havina hamu nao.

Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, na zetu zinavyojikunja unaweza kudhani hazijasogea. Sehemu kubwa imerudi. Pana kidoa utosini ambacho hakitarudi, kwa kuwa ukivuta mahali pamoja miaka na miaka, shina hufanya kovu. Rasta nimeacha, uzito wake unavuta hizi changa. Nabaki na nywele fupi.

Majira ya mitihani hamu hurudi, na kuna wiki ninashindwa. Mwalimu mwenzangu wa jiografia aliniuliza mbona nina plasta kila muhula, nikamweleza ukweli pale pale ofisini. Akanyoosha mikono yake: kucha zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Sasa tunakaa meza moja, na anayemwona mwenzake anagonga meza.

Na msusi wangu, akipata kichwa cha namna ile, humwomba mteja ruhusa kwanza, kisha ananipigia.