Hatua Iliyovuka Mpaka

Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, nilijipa kazi iliyoonekana nyepesi: kuandika programu ya kufuatilia mwendo wa kipande cha chuma kilichofungwa kwenye springi, kikiteleza juu ya meza yenye msuguano mkavu. Niliweka tungamo na ugumu wa springi kuwa 1, msuguano kuwa 0.1, kisha nikakianzisha kipande kwenye umbali wa 1 kutoka katikati. Niliuchagua mfano huo kwa sababu jibu lake kamili hupatikana kwa kalamu. Kila nusu ya mzunguko huchukua muda wa π na kupunguza umbali kwa 0.2, hivyo kipande hugeukia kwenye −0.8, kisha 0.6, −0.4 na 0.2, na mwishowe husimama kwenye 0.

Nilitumia mbinu ya Runge na Kutta ya daraja la nne, inayokokotoa mwendo kwa hatua fupifupi za muda, na ambayo kosa lake hupungua takriban mara 16 kila hatua inapokatwa nusu. Nilikuwa nimeijaribu kwenye springi isiyo na msuguano, ikatii. Safari hii haikutii. Nilipokata hatua nusu, kosa lilipungua kama mara mbili; nilipoikata tena, halikupungua karibu hata kidogo; mara ya tatu likashuka ghafla. Kwa siku mbili nilipekua programu mstari kwa mstari nikitafuta dosari ambayo haikuwamo.

Mwalimu aliyenisimamia alilitazama jedwali langu la makosa kwa muda mfupi, akauliza, “Velositi inapofika sifuri, hatua yako inakuwa wapi?”

“Sijui, Mwalimu. Hatua hupita tu.”

“Basi anzia hapo.”

Kipande kinapogeuka, msuguano hubadili upande papo hapo, na mchapuko, yaani kiwango cha kubadilika kwa velositi, huruka kwa 0.2. Mbinu ile huuliza mlinganyo wa mwendo mara nne ndani ya kila hatua, kisha huchanganya majibu kwa uwiano unaofanya makosa yafutane. Lakini kufutana huko kunadai mlinganyo uwe laini katika hatua nzima. Hatua ikiukanyaga mruko, baadhi ya majibu hutoka upande mmoja na mengine upande wa pili, na mchanganyiko wake hauwakilishi mwendo wowote. Kosa la hatua hiyo moja hulingana na urefu wa hatua yenyewe, likameza uangalifu wa hatua nyingine zote, na ukubwa wake hutegemea mruko umeangukia wapi. Ndiyo maana jedwali liliyumba.

Nililazimika kuuzuia msuguano usibadili upande ndani ya hatua, hata velositi ikivuka sifuri. Mwendo ukaendelea kidogo ng’ambo ya mpaka, yaani velositi ya sifuri, kwa mlinganyo wa zamani, jambo ambalo kifizikia si kweli, lakini ndilo linalolinda ulaini, na hadi leo naliona kuwa kiini cha kazi yote. Velositi ikibadili alama, niliitupa hatua hiyo na kutafuta urefu wa hatua unaoifikisha velositi kwenye sifuri, kwa kugawa nusu kwa nusu mara 40, ugawaji unaopunguza muda wa mashaka zaidi ya mara trilioni moja. Kutoka hapo nilianza upya na mlinganyo wa upande wa pili. Uwiano wa 16 ulirudi.

Kilichobaki ni kusimama. Kipande kilipofika katikati, programu ilikirusha mpakani huku na huku kwa hatua ndogo zisizokwisha, kwa kuwa pande zote mbili zilikirudisha kwenye velositi ya sifuri. Filippov, mwanahisabati wa Kisovieti, alikwisha kueleza hali ya namna hiyo: mwendo hubaki juu ya mpaka wenyewe. Niliongeza kanuni ya tatu, kwamba velositi ikiwa sifuri na springi haivuti zaidi ya msuguano, mchapuko ni sifuri. Usiku huo programu ilikisimamisha kipande kwenye muda wa 15.70796, yaani 5π.

Asubuhi nilimpelekea Mwalimu karatasi. Aliisoma yote, akaniuliza kama nimejaribu msuguano wa 0.3. Nilijaribu mbele yake: kipande kiligeukia kwenye −0.4, hakikuifikia sifuri, na baada ya 2π kikatulia kwenye −0.2.