Vipele vya kinenani, miezi mitano najitibu peke yangu

Nimefikiria sana kama niandike hii ama niache, manake ni mambo ya ndani ya kikoi, lakini najua kuna mtu saa hii amejifungia chooni na tochi ya simu anaangalia vipele vyake na hajui amuulize nani.

Mimi naendesha tuktuk, Kongowea hadi Bamburi, kutwa nimekalia kiti cha plastiki na joto letu la Mombasa mwalijua, hasa kaskazi, suruali yashikana na ngozi. Mwezi wa kumi na moja nikaona vipele vitatu kwenye korodani, vigumu, vyekundu, kama punje za choroko. Vyawasha. Mchana unaweza kuvumilia lakini ukishalala, saa sita saa saba usiku, ndo vinaanza, wajikuna hadi watoka damu na bado mwasho uko pale pale.

Nikasema ni jasho. Nikabadilisha boxa, nikaacha wembe, nikaacha ile sabuni kali. Vikapungua vikarudi vitano. Nikaenda kemisti, na hapa nilikosea mwenyewe, sikusema ni wapi, nikasema tu "nawashwa mapajani", nikapewa dawa ya fangasi. Wapi. Kemisti ya pili nikapewa vidonge vya antibayotiki. Ya tatu ndo nikapewa ile krimu mchanganyiko yenye steroidi, siku tatu mwasho kwisha nikasema alhamdulillahi, kuacha tu wiki moja vimerudi na vipya juu yake, nikapaka tena, nikaacha, vikarudi tena. Baadaye ndo nikaambiwa steroidi yatuliza mwasho lakini mdudu hafi, tena yaugeuza ugonjwa sura hata daktari akiangalia anaweza kupotea, na ngozi ya huko ni laini, ukipaka muda mrefu yazidi kuwa nyembamba.

Lakini kilichoniumiza zaidi si mwasho. Mke wangu aliniona nikijikuna, akaniuliza mara moja tu, "Baba watoto, umetoka nje?" Nikaapa. Akanyamaza, akahamia kulala na watoto. Na mimi, wallahi nasema ukweli, nikaanza kumshuku yeye. Nikaenda kupima kimyakimya, ukimwi na kaswende, vyote sina, nikarudi na ile karatasi mfukoni na nikashindwa kumuonyesha. Karatasi ilikaa mfukoni hadi ikafuliwa na suruali.

Mwezi wa nne nikaenda kwa daktari wa ngozi. Mama wa makamo, nikaona haya kuvua, akaniambia "mwanangu, mimi kazi yangu ni hii, vua." Akaangalia kidogo tu, alafu akasema nipe mikono. Mikono? Akawasha tochi katikati ya vidole, na hapo kati ya kidole cha shahada na cha kati kulikuwa na kamstari ka kijivu, kembamba kama uzi, kamepindapinda, hata sentimita moja hakafiki. Mie siku zote nilidhani ni mkwaruzo wa spana. Akauliza, "nyumbani nani mwengine ajikuna?"

Nikataka kusema hakuna. Nikakumbuka mwanangu wa miaka minne ana vipele mikononi na tumboni, sisi twasema ni joto, mamake ampaka poda. Na mamake mwenyewe ajikuna chini ya matiti, asema ni sidiria.

Upele. Ule ule upele wa zamani. Ni utitiri, mdudu mdogo sana, jike lachimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na mwili ndo wakataa, ndo huo mwasho. Akanieleza ukiupata mara ya kwanza waweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuhisi kitu na huku tayari waambukiza wenzako, kwa hivo kutafuta nani kaleta ni kazi bure. Kwa tendo la ndoa waenea, ndio, lakini hata kulala kitanda kimoja na mtoto ama kumbeba wakati mrefu watosha. Na si uchafu. Shirika la Afya Duniani liliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na kwa wanaume ni kawaida kuacha vinundu huko korodanini na kwenye uume.

Dawa ilikuwa krimu ya pemetrini ya asilimia 5, nyumba nzima usiku mmoja, hata asiyewashwa, kuanzia shingo hadi nyayo, chini ya kucha, kitovuni, huko siri kwenyewe, walala nayo hadi asubuhi, alafu warudia baada ya siku saba. (Mwenye mimba ama kichanga aulize daktari kwanza.) Shuka, leso, vikoi, taulo vyote maji moto na jua, mito tukaifunga kwenye mfuko siku tatu, manake mdudu akikosa ngozi ya mtu hafiki mbali.

Usiku ule mke wangu alinipaka mgongoni, kimya, taa imewashwa, watoto wamelala na krimu yao. Akasema, "nilikuonea." Nikamwambia hata mimi.

Mwasho haukuisha siku ya pili, msishtuke, waweza kwenda hadi wiki nne hivi, na vinundu viwili vyangu vilikaa miezi, daktari akanikataza kupakapaka tena na tena. Na si kila kipele huko ni upele. Kikiwa na kishimo katikati, ama malengelenge ya maji yanayouma, ama kidonda hata kisichouma, hiyo ni hadithi nyengine, nenda ukaonekane, na ukienda vua, usiseme mapajani.

Kulibaki mtu mmoja. Mama yangu alikuja kutoka Kilifi mwezi wa kumi, akalala na wajukuu mkeka mmoja wiki mbili. Nilizunguka na simu mkononi siku nzima, vipi wamwambia mamako mambo haya, mwishowe nikampigia nikamuuliza kama ajikuna usiku. Akanyamaza. Alafu akasema polepole, "kumbe na nyinyi?"