Yazd: kinu, mchi na sauti ya mobedi

Dereva wa teksi wa Yazd, mji wa Iran, aliiona kofia yangu, akanishusha Msikiti wa Ijumaa bila kuuliza. Nikatembea kwa miguu juani hadi hekalu la moto la Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi.

Moto wenyewe uko nyuma ya kioo, kwenye chombo kikubwa cha shaba. Kibao kinasema haujazimika tangu mwaka 470. Aliingia mobedi, kuhani wao, kavaa nguo nyeupe na kitambaa mdomoni, pumzi yake isije ikauchafua moto. Akaongeza kuni kavu, akaanza kusoma. Nilitarajia zumari, au japo ngoma. Wapi! Ilikuwa sauti ya chini, inakwenda mbio, inavuta irabu kidogo, kisha inazama. Kumbe Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, aliyaandika hayo karne ya 5 kabla ya Kristo: Waajemi wakitoa sadaka hawapigi filimbi, Majusi, kuhani wao, husimama akaimba.

Nje, kando ya bwawa, mzee mmoja Mzoroasta alinikaribisha chai. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga akanisomea dua ya Ashem Vohu, huku akihesabu maneno kwa vidole: 12. Halafu Yatha Ahu Vairyo, maneno 21. Alizihifadhi dua hizo utotoni, kabla ya kujua maana, kwa kuwa Kiavesta, lugha yake, hakizungumzwi popote siku hizi. Nikakumbuka chuoni kwetu Unguja, tulivyoimaliza Juzuu Amma bila kuelewa hata aya moja.

Gatha 17, tenzi za nabii wao Zarathustra mwenyewe, zilipita mdomo kwa mdomo karne nyingi sana. Zama za Wasasani, wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu, ndipo zikabuniwa herufi zaidi ya 50, kila sauti na yake, ili matamshi yasipotee. Leo zimo katikati ya Yasna, ibada ya sura 72.

"Na ala hakuna kabisa?" nikauliza.

Mzee akachukua kijiko, akagonga ukingo wa bilauri: ting, ting. Katika Yasna, alisema, kuhani hutwanga mmea wa haoma kwenye kinu cha chuma, na mchi ukigonga ukingo hulia kama kengele. Ala ndiyo hiyo.

Nikamwambia kwetu Makunduchi tuna Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, wanaume wanapigana kwa migomba. Akacheka hadi chai ikamwagika.

"Na moto mnawasha?"

"Tunachoma kibanda cha makuti."

Akaacha kucheka, akanimiminia chai nyingine.