Taya langu lilivyounga baada ya kuanguka mkarafuuni

Mguu ukivunjika hufungwa plasta, ukawekwa juu ya mto, ukapumzika. Taya la chini halina mapumziko hayo. Ukimeza mate linakwenda, ukipiga mwayo linakwenda, ukisema na mtu linakwenda. Mimi lilinivunjikia mahali pawili, na kilichonisaidia kuvumilia hadi likaunga ni kuelewa nguvu zinapita wapi ndani yake.

Mimi ni mwalimu wa sayansi katika skuli ya msingi hapa Pemba, na msimu wa karafuu ukifika hupanda mikarafuu yetu kama watu wote. Tawi nililokuwa juu yake lilikatika, nikajipiga tawi la chini, kidevuni upande wa kushoto, kabla sijafika ardhini. Nilipouma meno hayakukutana kama yanavyokutana siku zote, na nusu ya mdomo wa chini ilikuwa imekufa ganzi. Ami yangu alishaagiza mafuta ya nazi anikande. Nikamwambia kwa ishara, Ami, hapa si pa kukanda. Meno yakiacha kukutana baada ya pigo, dhania mfupa umevunjika mpaka picha ioneshe vingine.

Picha ya eksirei ilionesha ufa kushoto karibu na kidevu, pale nilipopigika, na ufa mwengine kulia, kwenye pembe ya taya chini ya sikio, ambako sikuguswa na kitu. Taya limepinda, limeshikwa na viungo viwili mbele ya masikio, basi pigo la upande huu hupita likavunja palipo dhaifu upande wa pili. Kwangu palikuwa pale lilipokwama gego la mwisho, jino lililokaa mahali ambapo pangejaa mfupa.

Nikasafirishwa Unguja kwa upasuaji. Daktari aliponichorea taya kwenye karatasi niliona somo langu mwenyewe la nyenzo: kiungo ndicho egemeo, misuli ya shavu ndiyo jitihada, yaani nguvu inayovuta, tonge ndilo mzigo, na jitihada iko katikati. Misuli inavuta juu kwa nyuma, tonge linasukuma chini kwa mbele. Pembe ikiwa imevunjika, ukingo wa juu unataka kuachana na ukingo wa chini unabanana. Aliyepanda mkarafuu ameshaliona hili: mtu akisogea kwenye ncha ya tawi, gome la juu ndilo linalochanika kwanza.

Ndiyo sababu bamba la kuushika mfupa kwenye pembe ya taya liliwekwa juu, karibu na meno. Likikaa juu linazuia ule mwachano, na mfupa wenyewe unajibana kwa chini. Kwa hiyo linatosha bamba jembamba la titani, unene wake kama milimita 1, na skrubu fupi zinazoshika gamba la nje la mfupa tu, zisifike kwenye mizizi ya meno wala mshipa wa fahamu. Njia hii ilianzishwa Ufaransa: daktari wa upasuaji Michelet wa Bordeaux aliiandika mwaka 1973, kisha Champy na wenzake wa Strasbourg wakapima na kuchora mistari ya kuwekea mabamba hayo. Karibu na kidevu mambo ni mengine. Pale taya pia hujisokota kila likifanya kazi, na bamba moja haliwezi kuzuia msokoto, basi nikatiwa mawili, moja juu ya jingine. Yote yalipitishwa ndani ya mdomo. Usoni sina kovu.

"Mwalimu," daktari aliniambia, "mabamba haya yanashikilia tu. Anayeunga ni mfupa, na mfupa unataka wiki 6."

Meno yalifungwa kwa raba ndogo, ya juu na ya chini, ili yakutane sawasawa. Hapo ndipo safari ya kurudi ikaniogopesha kuliko kisu. Kusi lilikuwa limechachamaa, na mtu aliyefungwa meno akitapika, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Nilikataa kupanda boti. Nilikaa kwa dada yangu mpaka daktari aliporidhika na akakubali nizitoe raba safarini. Nikameza kidonge cha kichefuchefu mapema, na mke wangu akashika mkasi mkononi mpaka bandari ya Mkoani, Pemba, ingawa raba zenyewe zilikuwa mfukoni mwangu.

Chakula nilikula kwa bomba kubwa la sindano, bila sindano, lililovishwa mpira mwembamba. Unaupitisha ndani ya shavu hadi nyuma ya gego la mwisho, ambapo daima pana upenyo, halafu unasukuma polepole. Uji wa mtama kwa tui ulipita vizuri. Bokoboko, ule uji mzito wa ngano na nyama, mke wangu alilizimua kwa supu na kulichuja kwenye chujio la chai, na hilo ndilo lililonirudishia nguvu, maana uji mtupu ulinikondesha vibaya. Baada ya kila mlo nilisukutua maji ya chumvi na kupiga mswaki mdogo, laini, juu ya nyuzi za mshono.

Kipindi kigumu kilikuja maumivu yalipokwisha. Raba zimeshatolewa, uvimbe umeshuka, nyumba inanuka samaki wa kukaanga, na mfupa bado haujakomaa. Misuli ilikuwa dhaifu, nayo hiyo ni kinga, lakini nguvu zake hurudi kila wiki. Nikakumbuka kile kichoro. Ukitafunia magego ya upande ule ule wenye ufa, nguvu hugeuka, ukingo wa chini ndio unaotaka kuachana, na huko chini hakuna bamba. Nikabaki na wali bokobo na ndizi mbivu za kuponda.

Wiki 6 zilipotimia picha ilikuwa nzuri, nikaanza mazoezi ya kupanua mdomo, vidole viwili kwanza kisha vitatu. Mdomo unahisi tena, isipokuwa sehemu ndogo kushoto chini ya mdomo, ambako hadi leo mchuzi ukinidondokea siujui mpaka niambiwe. Mabamba yamebaki humo humo. Daktari amesema hayatolewi ila yakitunga usaha au skrubu ikilegea.